Picha ya Sita Uliyoifunika kwa Kiganja

Mwanangu Elibariki,

Salamu sikuandikii, maana bado uko hapa hapa mlimani. Umekwenda kuwaaga wajomba zako na vicheko vyenu navisikia mpaka huku. Barua hii nimeianza mchana, baada ya kula, ili niimalize kabla hujarudi. Nitaiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya ile suti, uikute ukishafika Mbulu. Ningeweza kukupa mkononi, lakini ungeisoma mbele yangu, na uso wako unaposoma siuwezi.

Habari za blanketi, na maji ya kuchemsha, na kuandika nyumbani kila mwezi, hizo atakuambia mama yako. Ameshaanza tangu juzi na hajafika nusu. Mimi nina jambo moja tu. Nilijaribu kukuambia juzi tulipokuwa tunawakatia ng'ombe majani. Nilikuuliza kama unakumbuka siku ya masale. Ukacheka, ukasema, "Ile ya Kicheche? Baba, ile tuliicheza safi." Halafu ukaendelea kukata majani, na mimi nikakuacha.

Nitakusimulia tangu mwanzo, kwa kuwa naona wewe unaikumbuka kwa namna yako.

Ulikuwa na miaka minane, na ulikuwa umejua kusoma kabla ya wenzako. Kila mwezi gazeti la serikali lilipanda mlima na mwalimu, na akishalimaliza alinipa mimi, kwa kuwa nilikuwa mzee wa kanisa na nilipenda watu wanione nikitembea na gazeti kwapani. Habari za gavana nilizipitia haraka haraka. Ukurasa wa nyuma ndio tuliougombania. Palikuwa na picha sita za kuchora, mwalimu aliziita katuni, za mnyama mmoja kicheche aliyevaa kofia, na jina lake lilikuwa hilo hilo, Kicheche. Kila mwezi anatamani kitu, hatazami mbele wala nyuma, anamdanganya mtu ili akipate, na katika picha ya sita yanamkuta. Nakumbuka ile ya asali. Aliwaambia nyuki kwamba mzinga wa jirani unaungua, wakatoka wote kwenda kutazama, naye akatia kichwa chote ndani. Picha ya sita kichwa kimevimba mpaka kofia inakaa juu yake kama kifuniko cha chupa. Chini yake paliandikwa mstari mdogo wa kuwaonya watoto juu ya pupa na hila. Mchungaji aliusifu sana ukurasa ule. Alisema sasa watoto watajifunza bila kuchapwa.

Wewe ulijifunza, ila si kutoka kwenye mstari ule. Ulikuwa na desturi ya kuifunika picha ya sita kwa kiganja. "Tusome mpaka hapa, baba," unaniambia. "Hii ya mwisho siipendi." Nami nilisoma mpaka hapo. Wawili waliokutangulia tulikuwa tumewazika, na ukitaka picha tano nilikupa tano. Tena mwezi unaofuata Kicheche anarudi mzima, hana uvimbe wala kovu, kofia imekaa sawa. Siku moja uliniuliza amepona vipi. Nikakujibu kwamba wa kwenye gazeti wanapona. Hapo palihitaji neno lingine juu yake, lakini nilikuwa na haraka ya kwenda kukamua.

Naftali unamkumbuka, baba yake Anaeli, jirani yetu wa upande wa chini. Mimi na yeye tulitahiriwa siku moja na kubatizwa siku moja. Kihamba chake na changu, mashamba ya urithi wetu, vilitenganishwa na mstari wa masale ambao babu yako aliupanda pamoja na baba yake, wameshika kamba moja, huyu mwisho huu na yule mwisho ule. Huko Mbulu watu watakuuliza masale ni nini. Utawaambia ni mmea wa majani marefu, ukichomeka kijiti chake kinaota. Waambie pia kwamba kwetu huo ndio mpaka, hakuna ukuta unaoheshimiwa zaidi yake, na kwamba mtu aliyekukosea akikuletea jani lake limefungwa fundo, huna ruhusa ya kumnyima msamaha, hata kama alimuua ndugu yako.

Mwaka ule bwana shamba alikuja kuandika majina ya wanaotaka miche ya kahawa. Tulipanga foleni mbele ya ghala la chama cha ushirika. Nilitoka nyumbani nikijua nafasi yangu ni ya miche arobaini, nimeipima kwa miguu yangu mwenyewe. Naftali alikuwa mbele yangu, akasema sitini. Bwana shamba akaniinulia macho mimi, nikasema mia mbili. Mpaka leo sijui neno lile lilitoka wapi. Aliniuliza kama nafasi ninayo, nikamwambia tele. Watu waligeuka kunitazama na nikaona raha.

Miche ikaja wakati wa masika, imefungwa kwa maganda ya migomba. Nilipanda mpaka karibu na mlango wa zizi. Iliyobaki niliipanga chini ya paa, ikawa inanyauka siku hadi siku, na kila aliyepita njia aliiona na kuniuliza, "Mzee, hii bado?" Ningeweza kumrudishia bwana shamba. Ningeweza kuwagawia majirani wakanishukuru. Leo nayaona hayo yote wazi kabisa, hata mtoto angeyaona. Siku zile niliona aibu tu, na nikiona aibu huwa nafanya haraka. Hilo unalijua, umenirithi.

Naftali hakuwapo. Alikuwa amempeleka mkewe hospitali kujifungua, mambo yakaharibika, wakakaa huko wiki mbili na kurudi bila mtoto. Katika wiki hizo, asubuhi moja ya ukungu mzito, nilichukua jembe, nikang'oa masale ya babu yako na kuyachomeka hatua tano ndani ya shamba la Naftali, pale alipoachia majani ya ng'ombe. Wewe ulinibebea vijiti. Ulivipanga mikononi kwa urefu, vifupi mbele. Tulipofika katikati ya mstari ukasimama, ukanitazama na kusema, "Baba, wewe ni Kicheche."

Nilicheka, Elibariki. Nilicheka mpaka nikaegemea jembe. Kama ningekasirika, hata kama ningekuchapa kwa uonevu, ungejua kwamba pana jambo baya linafanyika. Badala yake nilikukonyeza, nikakuambia tusimwambie mtu, hata mama. Ulifurahi kiasi cha kurukaruka kwenye matope. Nadhani hatujawahi kuwa marafiki kama asubuhi ile, na mpaka leo naikumbuka kwa raha, ndiyo maana inaniuma kuliko mengine yote.

Mvua ikafuta nyayo zetu. Naftali aliporudi alikaa karibu mwezi mzima ndani, watu wakiingia na kutoka kumpa pole. Mimi pia nilikwenda kumpa pole. Siku alipotoka alisimama kwenye mstari, akapima kwa hatua, akarudia, kisha akaniita bila kufoka.

"Baba Elibariki, hapa pamekuwaje?"

"Pako kama palivyokuwa."

"Mbona majani yangu yamepungua?"

"Labda ng'ombe walikula ulipokuwa hospitali."

Akaondoka. Alikwenda kwa mshili, mkuu wa ukoo anayeamua kesi zetu.

Mshili alituita mbele ya wazee, tukakaa kwenye nyasi za uani kwake. Kabla ya kwenda nilikuambia kwamba ukiulizwa useme hukuona kitu. Basi. Hilo tu ndilo nililokufundisha, na halikuwa dogo. Neno langu na la Naftali yakawa yanavutana, hakuna jirani aliyeona kitu kwa ule ukungu, na mshili akasema aitwe mtoto, kwa sababu mtoto hajajua kuficha. Uliingia ukawaamkia wazee wote, mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, vizuri kabisa.

"Mwanangu," mshili akakuuliza, "masale yale nani aliyapanda?"

"Baba Anaeli."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Ile siku aliyorudi kutoka hospitali. Alikuwa anang'oa na kupanda, na alikuwa analia."

Machozi yale sikukupa mimi. Uliyatoa mwenyewe, na yaliwamaliza wazee. Mmoja wao alifuta macho. Kila mtu pale aliona mtu aliyefiwa, amechanganyikiwa, anahamisha mpaka wa shamba lake mwenyewe bila kujua anafanya nini. Hawakuwa na swali tena. Nilimtazama Naftali, nikitegemea ataruka juu na kukuita mwongo. Alikuwa anakutazama wewe, mdomo wazi kidogo, na niliona kabisa kwamba anajaribu kukumbuka.

Siku ya pili yake alikuja kwetu na mjomba wake. Mkononi alishika jani la masale limefungwa fundo.

"Ndugu yangu," akasema, "akili yangu haikuwa mahali pake. Nimekusingizia. Nisamehe."

Nikalipokea. Mama yako, ambaye hajui lolote mpaka leo, alileta maziwa, tukanywa sote wanne. Naftali alikunywa polepole na kumshukuru. Ardhi ukimwibia mtu unaweza kumrudishia, unang'oa masale na kuyachomeka yalipokuwa, ni kazi ya asubuhi moja. Nilichokichukua siku ile kwa kulipokea jani lake sijui kinarudishwa vipi, na nimekifikiria miaka yote hii.

Mwaka uliofuata alimwachia mdogo wake kihamba, akashuka Mbuguni kwenye joto na mbu. Wewe ulilia wiki nzima kwa ajili ya Anaeli. Nilingoja uniulize kwa nini wamehama. Hukuuliza, na mimi nilishukuru.

Kahawa ile ilizaa vizuri. Karo yako ilitoka humo, na sanduku hili lilitoka humo. Na wewe ukawa kijana hodari wa maneno. Kila kilichovunjika nyumbani kilivunjwa na mtu mwingine, na mtu huyo daima alikuwa na huzuni fulani iliyomfanya akivunje. Ile taa ya mezani, ulisema shangazi yako aliiangusha kwa sababu alikuwa anamuwaza mumewe. Alikubali, maskini, akaomba radhi. Mimi nilikaa pale natafuna ndizi. Nilikuwa nimeshakijua kile kituo kidogo unachoweka kabla ya kutaja machozi ya mtu, na sikuwahi kukusimamisha, kwa sababu ningekusimamishaje?

Mwezi uliopita mshili alinisomea barua aliyokuandikia kwa bwana DC kukuombea kazi ya ukarani wa mahakama. Ameandika kwamba anakujua tangu utoto, na kwamba mbele ya wazee hujapata kusema uongo. Alisoma maneno hayo mara mbili, amezeeka sasa, akanishika mkono.

Kesho yake nilikata jani la masale, nikalifunga fundo, nikalitia mfukoni na kushuka Mbuguni kwa miguu. Naftali alikufa mwaka juzi, unajua; mazishini sikwenda, nilisema mguu unaniuma. Nilikwenda kwa mkewe. Mama Anaeli alinitolea kiti kivulini akaweka chai, na kabla sijafungua mdomo akaanza kunishukuru.

"Ulimpokelea jani lake, Baba Elibariki. Mwingine angemtangaza kila mahali."

Akaniambia kwamba tangu siku ile Naftali hakuamini tena anachokikumbuka. Akihesabu ng'ombe jioni alimwita Anaeli ahesabu upya. Akifunga mlango alimuuliza mkewe kama kweli ameufunga. Shambani hakuthubutu kung'oa hata gugu bila kuuliza kama alilipanda yeye. Alipokuwa anakufa alimwambia Anaeli, "Nilimwita rafiki yangu mwizi, na mtoto mdogo ndiye aliyeniokoa nisimharibie jina. Ukikutana na Elibariki, mshukuru."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, nimelishika jani. Nilikaa mpaka chai ikaisha, nikaaga.

Mchungaji alidhani mtoto akimwona mwenye hila amevimba kichwa ataiogopa hila. Sisi hatukuvimba, mwanangu. Tuliivuna kahawa na wewe ukasoma. Aliyeumia ni Naftali, na katika picha zile sita watu wa namna yake huonekana kwenye ya pili tu, wanadanganywa, halafu mchoraji hawarudii tena.

Njia nzima ya kupanda mlima nilijiambia kwamba nimenyamaza kwa ajili yako. Ningesema, habari ingemfikia mshili, na kazi ya Mbulu ingekwisha kabla haijaanza. Maneno yalikuwa mazuri na yamepangika, mpaka nikaisikia sauti iliyokuwa ikiyasema. Ilikuwa ni ile ya kwako mezani, siku ya taa, na wewe uliipata kwangu. Nilikuwa nalihofia jina langu tu. Mzee wa kanisa, baba wa karani.

Leo asubuhi nilijaribu tena. Nilikwenda mpaka kwa mshili, nimeshaamua. Alinikuta getini akanyoosha mikono yote miwili. "Karibu, karibu, baba wa karani," akasema, "mtoto wako ametupandisha ukoo mzima." Nikamwambia nimekuja kumshukuru kwa ile barua. Tukaongea habari za mvua. Sitakwenda tena, Elibariki. Nakuandikia hivi waziwazi usije ukafikiri kwamba ukishaondoka baba yako atapata moyo. Nina miaka hamsini na zaidi, najifahamu.

Sikuombi uende Mbuguni. Kama ningekuwa baba mwenye haki ya kuomba hilo ningekwenda mwenyewe na kufungua mdomo. Wala sidhani utakwenda. Nafikiri utaisoma barua hii, utaikunja, na kabla ya jioni utakuwa umepata namna ya kuisimulia ambayo ndani yake hakuna aliyekosa, mimi wala wewe, tulikuwa na huzuni tu. Ukiipata, tafadhali usiniandikie. Nitaiamini.

Najua nilitakiwa nikuachie neno la kukushika mkono huko uendako. Nimelitafuta tangu asubuhi na nililonalo ni moja, nalo ni la kazini kwako. Utakaa pembeni ya meza ya wazee na kalamu yako. Iko siku wataleta mtoto atoe ushahidi, na watasema kama mshili alivyosema, kwamba mtoto hajajua kuficha. Usiandike kwanza. Inua macho utazame nyuma yake. Siku ile mimi nilikuwa nimeinuka na kusimama nyuma yako, mkono wangu uko begani mwako, na wazee walipoona vile walifurahi, walisema tunapendana. Kweli tulipendana. Waombe wazee wamwambie yule baba atoke nje, ndipo wamuulize mtoto.

Ni mimi baba yako, ambaye kesho nitakubebea sanduku hili mpaka kwenye basi na sitasema kitu.